Mwanamke wa Upande wa Pili

Sauti ya mama yangu ilibaki kwenye kaseti moja tu, na nusu yake niliifuta mimi. Niliifuta kwa kelele zangu, mchana kweupe, mtoto mgongoni, nikidhani nafanya kazi ya maana. Wapo watu niliowalaumu kwa jambo hilo na bado nawalaumu, lakini naanza na mimi mwenyewe ili asiwepo wa kunianzia.

Ninaishi Nyamugari, hapa Gitega, vyumba viwili na kipande cha ua. Nina mtoto wa kike wa miezi tisa. Baba yake alivuka kwenda Tanzania kutafuta kazi na hupiga simu akikumbuka, yaani si mara nyingi. Mchana nakaa kwenye kibanda cha kuingizia watu nyimbo: unaleta flash yako, unasema unataka injili au rumba au bongo fleva, nakujazia. Ndiko nilikokutana na muziki huu. Mteja mmoja aliacha flash, hakurudi, nikaifungua nione kama ni ya kufuta. Ndani mlikuwa na gitaa linalosikika kama mvua ya mawe juu ya bati, na mtu anayelia kwa koo kama anachunwa ngozi. Wenyewe wanauita black metal. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Mwingine angezima. Mimi nilisema: kumbe kuna mtu mwingine.

Sijui kuimba. Najua kukasirika. Nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, mama akafa hukohuko kabla sijafikisha miaka mitatu, nikalelewa na shangazi. Sikuwa na picha yake, sikuwa na nguo yake. Nilipofika miaka tisa tukarudishwa na lori, sisi na masufuria yetu, na darasani wakanicheka Kirundi changu. Nikamaliza sekondari, nikaolewa, nikaachiwa nyumba. Hasira yote hiyo nilikuwa nayo bila pa kuiweka, mpaka nilipopata pipa.

Ni pipa la maji, la plastiki, la bluu. Siku maji yakikatika linabaki tupu. Naingiza kichwa na simu ndani yake, napiga kelele. Sauti inarudi ikiwa ya mtu mwingine, mzee, wa chini ya ardhi. Gitaa niliazima kwaya ya kanisani. Waliniambia lina kasoro, nikawaambia ndiyo hiyo ninayoitaka. Ngoma ni za kwenye simu. Siku ya kwanza jirani yangu, mama mmoja Mwislamu mwenye maneno, alichungulia juu ya ukuta.

"Jirani, unazaa tena?"

"Narekodi, mama."

"Unarekodi nini? Uchungu?"

"Ndiyo."

"Haya. Ukimaliza kuzaa uniazime hilo pipa."

Kwenye simu nilikuwa katika kundi la watu wachache, wa nchi mbalimbali, wanaopenda kelele hizi. Humo nikamkuta yule wa Muyinga. Ni Mkongomani wa Kivu Kusini, anauza vitenge sokoni, mtu wa kanisa, mpole. Yeye hapigi kelele. Ananong'ona. Alijifunza kwa kuwasikiliza wazee wa huku wapiga inanga, wale wanaonong'ona huku nyuzi zikilia, mpaka hujui kama anayesema ni mtu au ni uzi. Yeye anafanya hivyo juu ya gitaa la umeme. Mara ya kwanza kumsikia nilichomoa waya masikioni nikageuka, maana nilijua kuna mtu chumbani.

Tukakubaliana tutoe kaseti moja ya watu wawili, wenyewe wanaiita split: upande wa kwanza wangu, nyimbo nne, upande wa pili wake, nyimbo tatu. Tulitaka kaseti, si faili, kwa sababu wapenzi wa muziki huu wanapenda kitu cha kushika. Mtu mmoja wa nchi ya baridi, ambaye hatujaona hata picha yake, alisema tukitengeneza ishirini na nne atazichukua zote. Shida ni kwamba kaseti tupu hazipo tena. Nilizunguka soko la Gitega lote, nikaambiwa na kijana muuza chaja: "Dada, kaseti? Umetoka jela lini?"

Ndipo nikakumbuka katoni ya kaseti za marehemu baba mkwe, kule Makebuko.

Makebuko ndiko kwao mume wangu, na ndiko kwetu pia, kilima kimoja, yaani kijiji kimoja, ingawa mimi nilikijua nikiwa mkubwa. Anakaa huko mabukwe, yaani mama mkwe wangu. Nilimkuta uani anapura maharage kwa fimbo, hakuacha.

"Umeleta mtoto au umefuata kitu?"

"Vyote, mabukwe."

"Afadhali umesema."

"Zile kaseti za marehemu mzee, bado zipo?"

"Zile za panya? Zipo darini, juu ya zizi la mbuzi. Chukua zote uniondolee."

"Ni za nini?"

"Za kwaya. Za mapadri." Akapiga maharage mara mbili, tatu. "Za watu."

Za watu. Sikuuliza watu gani. Mtoto alikuwa amenikojolea mgongo mzima na gari la kurudi lilikuwa linajaza. Nilibeba katoni kichwani, inanuka mbuzi. Nyumbani nilisikiliza tatu za juu: ya kwanza kwaya ya misheni ya Mutoyi, ya pili mahubiri, ya tatu kwaya tena. Nikaona inatosha. Mtu wa kazi kama yangu, ambaye kila siku anauliza wateja "hii nifute au nisifute?", hakuuliza.

Redio ya kaseti niliyotumia ni ya kibandani, nzee. Inarekodi juu ya kilichokuwepo lakini haifuti vizuri. Pale kati ya wimbo na wimbo, penye kimya, unasikia kwaya kwa mbali sana, kama inaimba katika nyumba ya jirani ambayo haipo. Nilimtumia yule wa Muyinga kipande. Akanijibu: "Dada, hii iko ya hatari. Usitoe hiyo kwaya." Sikutoa. Nilifanya zaidi: nilirefusha kimya. Nyimbo zangu nne, katikati yake vimya vitatu, kila kimoja nikakivuta mpaka kikawa kirefu cha kumtia mtu wasiwasi, ili wale wa zamani wasikike. Nilijiona fundi.

Nilimaliza upande wa kwanza wa kaseti zote ishirini na nne kwa siku nne. Nikazifunga kwenye boksi, nikampa dereva wa njia ya Karuzi, zikafika Muyinga.

Wiki iliyofuata, Jumanne, simu ikalia nikiwa kibandani.

"Dada, aksanti kwa ile mama."

"Mama gani?"

"Ile uliweka kwa upande yangu. Ya kusalimia. Mi nilikuwa napima sauti, nikaikuta. Dada, we uko mukali."

"Sijaweka mama yeyote."

Akacheka. "Anasalimia, ananyamaza. Anasalimia, ananyamaza. Nikasema, ah, dada ananitegea, anataka nijibu. Basi nimejibu. Nakutumia."

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, watu wanapita na ndizi vichwani. Nikatia waya masikioni.

Wanawake wa zamani wa nchi hii husalimiana kwa kuimba. Wanaita akazehe. Mmoja anaanza, mwenzake anapokea, sauti zinapishana kama mikono inayosuka mkeka, na wanaulizana habari zote mle ndani, ng'ombe, watoto, mvua, mpaka waishiwe pumzi. Salamu hiyo inataka watu wawili. Huyu alikuwa mmoja. Hakuwa mzee. Aliimba mstari, akanyamaza muda wa mtu kuvuta pumzi mbili, kisha akaimba unaofuata kama aliyejibiwa na akaridhika na jibu. Mahali pamoja, baada ya kimya, alicheka. Alicheka kweli, kama kuna mtu amemtania. Na ndani ya kila kimya palikuwa na mnong'ono wa yule wa Muyinga, umejaa, unateleza, kama mtu aliyelala kwenye kitanda cha wengine.

Nikapiga simu hapohapo.

"Nipe ile isiyo na mnong'ono."

"Haiko tena, dada. Nilichukua kwa simu, nikafanya wimbo, simu ikajaa, nikafuta."

"Basi kaseti yenyewe."

"Nimesharekodi juu yake."

"Kaseti ipi?"

Nikasikia anapekua boksi. "Sikuangalia. Ziko ishirini na ine, dada, zote zinafanana. Nimemaliza zote. Jumamosi kuna mutu anavuka nazo mupaka wa Kobero."

Sikujua bado huyo mwanamke ni nani. Nilikasirika tu, kwa sababu mtu kaingia katika mazungumzo yasiyo yake. Lakini kuna jambo jingine lililonitisha. Kila nilipocheza ile sauti nyumbani, binti yangu aliacha alichokuwa anafanya, akageuza kichwa. Sauti hakuijali. Alikuwa anageukia pale penye kimya, upande wa mlango, kama kuna mtu anayesimama pale kila mwanamke anaponyamaza. Mara tatu nilijaribu. Mara tatu aligeuka. Alhamisi nikapanda gari la Makebuko.

Mabukwe alikuwa jikoni. Nilisema tu, "Mabukwe, sikia hii, imetoka kwenye kaseti zako," nikaweka simu juu ya kinu.

Mwanamke akaanza. Mabukwe alikuwa anamenya ndizi, kisu kikasimama. Mstari wa kwanza ukaisha, kikaja kimya, na mabukwe akafungua mdomo akaimba. Sikuwahi kumsikia akiimba hata kanisani. Aliingia kwenye kimya kile kama mtu anayeingia nyumbani kwake gizani bila kupapasa. Mstari, jibu. Mstari, jibu. Mnong'ono wa Muyinga ulikuwepo chini yake, ukawa hauna maana yoyote, kama upepo. Ikafika pale. Mwanamke akaimba, mabukwe akajibu kwa maneno mawili, na mwanamke akacheka. Alicheka palepale, kwa kile alichosema mabukwe.

Nikaisimamisha simu.

"Mabukwe, huyu ni nani?"

"Unaniuliza mimi?" Alikuwa haniangalii. "Huyu ni mama yako."

Nikasema maneno ambayo mukazana, mke wa mwana, hamwambii mama wa mumewe. Sitayaandika yote. Nilimwambia mwaka wa tatu huu ninakula naye, namzalia mjukuu, nikija nalala chini ya paa lake, na mama yangu yuko juu ya mbuzi anakojolewa na panya na yeye amenyamaza.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema: "Radiyo ya kaseti kilimani ilikuwa ya mzee peke yake. Watu wa kambini walituma kaseti kwa wanaovuka kwa siri, kaseti moja nyumba tano, sita, kila mtu anasema yake. Tulikuwa tunakaa hapa uani wote tunasikiliza. Mama yako alikuwa rafiki yangu tangu tukichunga mbuzi. Alinisalimia namna hiyo miaka miwili, ananiachia nafasi nijibu. Mimi najibu. Kaseti za kumrudishia majibu hatukuwa nazo. Alikuwa anajijibia kichwani mwake, alijua nitakachosema."

"Pale anapocheka?"

"Anasema, nina kabinti, kana meno mawili, kananing'ata. Mimi nasema, kamefuata mama. Basi anacheka."

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye maganda ya ndizi. Ana meno mawili. Ananing'ata.

"Halafu siku moja," mabukwe akasema, "kaseti ikaja na sauti ya mtu mwingine, ikasema amekufa. Nyingine zilishapitia nyumba za wenzetu hazikurudi; hiyo iliyobaki nikaipandisha darini na zile za kwaya. Sikutaka tena kusikia mtu ananinyamazia. Na uliponiuliza nilikuambia ni za watu. Hukuuliza watu gani."

Hapo alinipata. Nikamuuliza kama kaseti ile ilikuwa na salamu tu.

"Ile aliijaza peke yake. Salamu ni mwisho. Barua yenyewe iko upande wa kwanza. Huko anaongea."

Upande wa kwanza ni wangu.

Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Ijumaa alfajiri nilitafuta gari. Essence, yaani petroli, ilikuwa haipatikani, tulisubiri kituoni mpaka saa tatu, nikawa natukana serikali na matajiri na baba wa mtoto kwa zamu. Tukafika Muyinga adhuhuri. Nilimtambua kwa sauti kabla ya sura: mwanamume mfupi, futi ya kupimia shingoni, vitenge mpaka dari, anamwambia mteja bei kwa mnong'ono uleule.

"We ndio unapigaka makelele ile?" akaniuliza. "Na mutoto kwa mugongo?"

"Kaseti ziko wapi?"

Zilikuwa chini ya meza, zimeshafungwa kwa gundi. Nilikata boksi kwa mkasi wake. Nilimweleza huku nakata, na sikupunguza maneno. Alisimama amekunja mikono kama mtoto wa shule.

"Nilifikiri ni we, dada. Nilifikiri ni muchezo ya sisi wawili."

"Umemnong'oneza mama yangu."

"Ndiyo." Akainamisha kichwa. "Na alicheka. Mi nilifurahi sana aliponicheka."

Nilitaka kumpiga na redio yake ya kaseti iliyokuwa mezani. Badala yake nikaiwasha.

Hatukuwa tunatafuta wimbo. Tulikuwa tunatafuta kimya. Kwa kila kaseti tunakimbiza upande wangu mpaka mwisho wa wimbo wa kwanza, tunasimamisha, tunasikiliza. Mwisho wa wa pili, tunasikiliza. Mwisho wa wa tatu. Nilizisikia kelele zangu mwenyewe vipandevipande, kaseti baada ya kaseti, na nilitamani kumziba mdomo mwanamke yule wa kwenye pipa. Kwaya. Kwaya. Padri. Mtu anakohoa. Mama mmoja akaja kununua kitenge, akatukuta wawili vichwa vimegusana kwenye spika.

"Mnasikiliza nini?"

"Kimya, mama," mwenzangu akasema.

"Kina nini?"

"Bado hatujui."

Akaondoka bila kununua.

Ilikuwa ya kumi na saba. Mwisho wa wimbo wangu wa kwanza, koo langu likakatika, kikaja kimya, na chini kabisa, chini ya mkwaruzo kama mchanga wa ile kaseti, sauti ya mwanamke kijana akiongea kama mtu anayeongea akiwa amefunika mdomo: "...chumvi wanatupa, lakini kuni ni mbali..." Basi. Wimbo wangu wa pili ukamwangukia.

Mwenzangu alitoka mwenyewe, akaenda kusimama mlangoni, akatugeuzia mgongo.

Mwisho wa wimbo wa pili: "...kamelala sasa, ndiyo maana nasema polepole..."

Nilikuwa pale. Nilikuwa nimelala kando yake na alikuwa anapunguza sauti asiniamshe. Na mimi, miaka yote ile baadaye, nikamlalia juu kwa makelele ya pipa.

Kimya cha tatu hakikuwa na neno. Kulikuwa na pumzi mbili, moja ndefu, moja fupifupi. Binti yangu mgongoni alinyanyua kichwa. Nilimsikia akishikilia pumzi yake mwenyewe, mtoto wa miezi tisa, mpaka wimbo wa nne ukaanza.

Kaseti ina vidude viwili vya plastiki juu yake. Ukivivunja, hakuna redio itakayorekodi tena hapo. Nilivivunja kwa meno, palepale, nikavitema sakafuni.

"Zile zingine," nikamwambia, "mama yangu mtoe. Zote. Rekodi upya bila yeye."

"Nitatoa. Mutu wa Kobero atasubiri wiki." Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, ya kwanza niliyomsikia nayo: "Unisamehe."

Sikumsamehe siku ile. Nilimwambia muziki wake ni mzuri, maana ndiyo kweli, nikaondoka.

Alirekodi upya. Ishirini na tatu zikavuka. Ila redio yake na yenyewe ni nzee, kama yangu, inafuta vibaya, na sikulifikiria hilo mpaka ulipokuja ujumbe kutoka kwa yule wa nchi ya baridi. Anasema kaseti zimependwa. Anasema watu wanamuuliza kuhusu mwanamke wa upande wa pili, yule aliye chini kabisa, anayeita na kungoja. Mmoja wao anasikiliza usiku amevaa vya masikioni, na ameanza kumjibu.

Nilimwandikia mistari miwili. Mwambie aache. Anayejibu yupo.

Jumapili huwa nabeba redio na kaseti yangu ya kumi na saba na mtoto, naenda Makebuko. Upande wa kwanza tunasikiliza vimya vitatu, nyimbo zangu tunazikimbiza. Kisha tunaigeuza. Salamu haipo peke yake tena upande wa pili, vimya vyake vimejaa mnong'ono wa Mkongomani, lakini mabukwe anajua kila nafasi inapoanzia. Anainua mkono kunionyesha nafasi inakuja. Mstari wa kwanza anajibu yeye. Wa pili ananiachia mimi, na koo langu limeharibika, natoa sauti kama mlango. "Tena," mabukwe ananiambia. "Amekusikia, lakini tena."